Ukuta wa zege, vyuma au tuta la majani: barabara yenu ya njia nne iwekwe nini katikati?

Kama barabara inayokata katikati ya makazi yenu inatanuliwa kuwa njia nne, kuna siku mtaitwa kwenye mkutano wa mtaa, injinia atafungua michoro yake mezani alafu wananchi wataulizwa maoni, na hapo ndo utasikia karibu kila mtu anasema "wekeni ukuta, watu wanaisha". Kabla hujanyoosha mkono naomba ujiulize kwanza, mnataka kumzuia nani? Gari lisihame kwenda kumvaa mwenzake uso kwa uso, au mtu asivuke barabara? Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na kinachozuia kimoja mara nyingi hakizuii kingine, kuna wakati kinakizidishia ubaya.

Mi naendesha kirikuu, kile kilori kidogo cha mizigo, hapa Dar es Salaam, nabeba ndizi na mazao kutoka Mabibo pale soko la Mahakama ya Ndizi, natokea Mandela Road, napita Ubungo, nashika Morogoro Road mpaka Kimara, Mbezi, siku nyingine nafika Kibaha. Mwaka wa 12 huu. Kwahiyo ninayoandika hapa ni ya mtu anayeviona hivi vitu kila siku kuanzia saa 10 alfajiri, na pia nimejisomea sana kwasababu kuna jambo lilinikuta nitalisema huko mbele.

Mstari wa rangi peke yake tusiupotezee muda. Ni rahisi kuliko vyote ila haumzuii mtu yeyote, mvua ikinyesha usiku huuoni, na foleni ikikaza wale wanaotanua wanahamia upande wa pili kama vile barabara wamejengewa wao. Kwa njia nne zenye magari mengi mkiambiwa rangi inatosha kataeni. Yale maboya ya plastiki yanayojazwa maji au mchanga nayo ni ya muda tu, wakati ujenzi unaendelea, na yakikaa mwezi mengi yanakuwa matupu, upepo wa lori unayasogeza.

Sasa zege. Ule ukuta mnene chini mwembamba juu, wengi wanadhani umekaa vile ili usianguke. Asili yake ni jimbo la New Jersey kule Marekani, walianza nao miaka ya 1950, na umbo lilipokuja kutulia mwaka 1959 kimo chake kikawa kama sentimita 81. Ule mteremko wa chini una kazi maalum: gari likiusogelea kwa kuchota pembeni, tairi la mbele linapanda kidogo kwenye mteremko, gari linanyanyuka, nguvu inapungulia kwenye kunyanyua uzito wake lenyewe, alafu linateremshwa kurudi kwenye njia yake, na bodi wakati mwingine haijagusa kabisa. Ukitaka kuona kwa macho, foleni ikikusimamisha pembeni ya ukuta wa zamani angalia zile alama nyeusi za mpira, zinaanza chini kabisa, zinapanda kama upinde mpaka usawa wa goti, zinashuka tena. Kila upinde mmoja ni gari ambalo lingeingia upande wa pili likakutana na mwenzake anakuja. Mi nikiwa foleni huwa nazihesabu, na nakwambia kuna vipande vya mita 50 unakuta ni nyingi kuliko ulivyotegemea.

Kwa hiyo kwa kazi ya kuzuia magari yasigongane uso kwa uso zege ndo baba lao, hasa kama nafasi ya katikati ni nyembamba. Mita moja tu ya ukuta ina uzito wa kama kilo 600, haihitaji kukarabatiwa kila likija gari, na mwizi wa vyuma chakavu hana cha kubeba. Ila zege halina huruma. Gari likiufuata kwa kona kali, yani sio kwa kuchota bali kama linaukata, mteremko ule ule unaweza kulipandisha gari dogo likapinduka. Mtu wa bodaboda akiufuata hakuna kinachomeza nguvu isipokuwa mwili wake. Ncha ya ukuta, pale unapoanzia, ikiachwa butu bila kuteremshwa chini au kuwekewa kitu cha kupokea kishindo ni mtego wa usiku, na hizi ncha ndo wakandarasi wanazisahau sana. Alafu ambulansi na gari la zimamoto likitaka kugeuza inabidi liende mpaka mwisho. Na mvua zetu hizi za masika, ukuta usio na matundu chini unageuza upande mmoja wa barabara kuwa bwawa, watu wa Dar hamhitaji kuelezwa hilo.

Kingine watu hawakifikirii, sentimita 81 ni kimo cha kumficha mtoto. Wa chekechea akisimama nyuma ya ukuta dereva anaona kichwa tu, akiinama kuokota kiatu humuoni kabisa.

Vyuma vile vyenye mawimbi, vinavyofungwa kwenye nguzo fupi fupi, vyenyewe vinafanya kazi kwa kujikunja. Gari likija vinasogea, vinabonyea hata mita nzima, na kule kubonyea ndo kunakokula ile nguvu, kwahiyo aliye ndani ya gari anaumia kidogo kuliko kwenye zege. Ila mita hiyo ya kubonyea lazima iwepo nyuma ya chuma, ukivifunga kwenye katikati nyembamba vitabonyea vikaingia kwenye leni ya wenzako. Vikishagongwa vinatakiwa vibadilishwe, na hapo ndo kwenye shida yetu, kipande kilichokunjwa kinakaa hivyo hivyo kimechongoka kinasubiri gari linalofuata, na kile kizima usiku kinafunguliwa nati kinapelekwa kwenye mizani ya chuma chakavu. Kama mtaa wenu mifuniko ya chemba inaibiwa basi hivi navyo vitaondoka, mjue hilo kabla. Zile nguzo nazo ni mbaya mno kwa mtu wa pikipiki anayeteleza chini.

Mtasikia pia kuhusu kamba za chuma, zile nyaya nene zilizovutwa kwenye nguzo. Sweden walianza kuziweka mwaka 1998 kwenye barabara zao za njia tatu zinazopokezana, mbili huku moja kule, na vifo vya kugongana uso kwa uso vilishuka sana. Ni kitu kizuri ila ni cha barabara ndefu ya nje ya mji, inabonyea mita 2 au zaidi. Mjini penye watu na bodaboda tuachane nayo.

Hivyo vyote ni vya magari. Sasa tuje kwa mtu wa miguu, maana kwenye miji yetu ndo yeye anayekufa. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2023 lilisema watu kama milioni 1.19 wanakufa barabarani kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, sio waliokaa kwenye magari.

Uzio mrefu wa nondo katikati unawekwa kumzuia huyu mtu, aende akapande daraja la juu. Kwenye mchoro unapendeza. Kuna sehemu napita uzio umekatwa nondo mbili, tundu la mtu kupita upande upande, na zile nondo za kushoto na kulia kwa tundu zimeng'aa kama kijiko kwasababu ya mikono, wakati uzio mwingine wote umeota kutu. Asubuhi moja nipo foleni nikamuona mama ana ndoo ya samaki kichwani na mtoto mgongoni, akateremsha ndoo, akaipitisha kwenye tundu kwanza, akaiweka upande wa pili, yani kwenye leni ya magari, alafu akapita yeye kwa ubavu amemshika mtoto kichwa kisigonge nondo, akainama akajitwisha ndoo huku magari yanampigia honi. Watu wanasema "wabishi hawa". Hebu piga hesabu yake. Daraja lipo kama mita 400 mbele, aende na arudi ni mita 800, dakika 10 za kutembea hujaweka ngazi, na mzigo kichwani. Kuvuka hapo hapo ni sekunde 12. Hakuna binadamu mwenye biashara ya samaki wa asubuhi atakayechagua dakika 10, kila siku, mara mbili. Majirani zetu Nairobi walimaliza Thika Road mwaka 2012, njia nane, na watu waliendelea kukatiza chini wakati madaraja ya juu yapo, na wakafa wengi. Uzio unafaa pale tu ambapo kivuko kipo karibu kiasi kwamba kukata nondo hakumlipi mtu.

Kinachobaki ni tuta la kati, kisiwa kilichoinuliwa kwa kingo za zege na ndani yake udongo, majani au maua. Kwa barabara ya katikati ya makazi, yenye shule na soko, mi chaguo langu ni hili, lakini kwa masharti, msije mkasema jamaa alisema maua.

Sharti la kwanza ni upana. Mtu anatakiwa avuke nusu, asimame, apumue, aangalie upande mwingine, avuke nusu iliyobaki. Ili asimame na baiskeli au na mtoto mkononi bila kuchomoza kwenye leni panatakiwa mita 2. Nimeona matuta ya nusu mita, hapo mtu anasimama kama kuku juu ya kamba, saiti mira za magari zinampitia kifuani. Mkionyeshwa mchoro ulizeni hiyo namba, na kama ni nusu mita semeni wapunguze upana wa leni, leni nyembamba nayo inamfanya dereva apunguze mwendo bila kuambiwa.

La pili, kingo za sentimita 15 hazizuii gari lenye spidi. Likija na 80 linapanda linavuka. Kwahiyo tuta la majani linaendana na spidi ya 50 kushuka chini, ambayo ndo sheria ya Tanzania kwenye makazi, na spidi hiyo haiji kwa kibao peke yake, panatakiwa matuta ya barabarani au kivuko kilichoinuliwa. Kama barabara ni ya malori na mabasi ya mikoani yanayotoka nje ya mji na 80, rudini kwenye zege, msichanganye.

La tatu ni hayo maua sasa, na hapa ndo kwenye jambo langu.

Miaka kadhaa nyuma natoka Mbezi kurudi mjini mchana, gari tupu, nipo leni ya kulia, spidi kama 70. Katikati kulikuwa na tuta lenye vichaka vya maua mekundu vimekua mpaka usawa wa kifua. Leni ya kushoto mbele yangu daladala ikapunguza ikasimama, mi nikajua inashusha abiria. Kumbe ilikuwa imesimamia mtoto aliyekuwa anakuja kutoka upande ule wa vichaka, sare ya shule, soksi moja imeshuka. Alitoka kwenye majani moja kwa moja mbele ya bampa langu. Nilikanyaga breki mpaka kirikuu ikakaa upande, ikasimama nimempita, amebaki amesimama kwenye mstari katikati ya mimi na daladala, mkono wake umeshika bodi la gari langu, aliacha alama ya vidole vyote vitano kwenye vumbi. Hakulia. Alisema "samahani baba". Yeye ndo aliniomba mi samahani. Sikuifuta ile alama wiki nzima.

Nimelirudia lile tukio kichwani mara nyingi sana na mpangilio wake uko hivi. Sisi tunaendesha kushoto, kwahiyo leni inayogusa tuta la kati ndo leni ya kulia, ya kuovateki, ya wenye haraka. Mtu anayetoka katikati hatua yake ya kwanza kabisa anaingia kwenye leni ya magari yenye kasi kuliko zote. Na anayetoka pembeni, gari la leni ya kushoto likimsimamia kiungwana, ndo linamficha na gari la leni ya kulia. Kwahiyo kusimama kwa mmoja kama mwingine hasimami ni kumvuta mtu kwenye mtego. Sheria inakataza kulipita gari lililosimama kwenye kivuko, tumefundishwa sote, na sote tumewahi kulipita. Siku ile sikuwa na mlevi wa kumlaumu, breki zilikuwa nzima, barabara ilikuwa kavu. Nilikuwa na 70 sehemu ya 50, basi, na niliona gari limesimama nikaamua mwenyewe sababu ya kusimama kwake.

Maua yale yangekuwa usawa wa goti ningemuona. Kwahiyo sharti ni hilo, mita kama 20 kabla ya kila kivuko kusiwe na kitu kinachozidi goti, majani mafupi tu, na miti yenye shina nene isipandwe kabisa karibu na leni maana gari likiyumba mti ni sawa na nguzo. Na muulize nani atakata hayo majani na kwa bajeti ipi, kwasababu siku ya uzinduzi kila ua lina kimo cha kiganja.

Tukiwa hapo hapo kwenye spidi, kitu kikishawekwa katikati, zege au chuma au chochote, sisi madereva mguu unakuwa mzito. Uoga wa kukutana na mtu uso kwa uso umeondoka, unajikuta 60, 70, 80. Kutoka 50 kwenda 70 unaona umeongeza kidogo, lakini nguvu ya kishindo inakaribia kuwa mara mbili. Kwa 60 gari linakula kama mita 17 kwa sekunde moja, kwahiyo ile sekunde na nusu ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki umeshakula mita 25, ni basi mbili kubwa za kawaida hivi. Shirika la Afya Duniani wanasema kupunguza spidi ya wastani kwa asilimia 5 tu kunaweza kupunguza ajali za vifo kwa asilimia 30. Hiyo haihitaji zege wala bajeti ya serikali. Mi naendesha na 50 sasa hivi pale, napigiwa honi nyuma, naitwa majina, na nazidi kwenda na 50.

Kuna suala la rongo saidi pia. Mkiziba katikati kilometa 2 bila sehemu ya kugeuzia, mtu wa bodaboda anayetaka kwenda mita 100 tu ng'ambo hatazunguka kilometa 4, atakuja uso kwa uso na wewe pembeni mwa barabara, na bajaji zitamfuata. Kosa ni lake, sitetei, abiria wake hajachagua kufa. Lakini aliyechora naye aliyajua haya, au alitakiwa ayajue. Tundu la kugeuzia lisiwe mbele ya soko au shule, na liwe na leni yake ya kusubiria ili anayegeuza asisimame kwenye leni ya kulia akala bampa la nyuma.

Kwahiyo ukinibana nichague, barabara kuu ya kutoka mjini, malori, spidi 80, nafasi finyu katikati, ni zege, ncha zake ziteremshwe, matundu ya maji yawepo, na madaraja au mataa ya kuvukia yawe karibu karibu. Penye nafasi pana na usimamizi wa kweli wa wizi, vyuma vya mawimbi vinaokoa watu zaidi ya zege. Uzio wa nondo ni kwa vipande vifupi tu, mfano mbele ya kituo, kumsogeza mtu hatua chache afike kwenye zebra, sio kumfungia mtaa mzima. Na barabara ya ndani ya makazi, tuta pana la majani mafupi, zebra iliyoinuliwa, taa juu yake. Msikubali kuambiwa tuta linakula nafasi, waulizeni wao wanavuka wapi wakija site.

Kabla ya mkutano fanyeni jambo moja. Chukueni vijana wawili na daftari, wakae kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2, na tena jioni saa 11 mpaka saa 1, waandike kila anapovukia mtu, nguzo ya umeme namba ngapi, wangapi ni watoto wa shule, wangapi wana mizigo. Siku mbili tu zinatosha. Wamama wanaouza pembeni ya barabara watawasaidia, wao hata bila daftari wanajua watu wanavukia wapi na nani aligongwa wapi. Mkiingia na karatasi hiyo injinia hatawaambia tena habari ya ubishi wa watu, atawauliza hiyo nguzo ipo upande gani, na mchoro utasogezwa kivuko kikae hapo.